Namba ya Chumba

Semkiwa aliniuzia kadi ya michoro ndani ya boksi lake,
na ubavuni mwa boksi, kwa wino mzito,
alikuwa ameandika 165, akaipigia mistari miwili chini.
"Inafika hapo," alisema, "na haitetemeki."
Nikamwamini kama unavyomwamini mtu
aliyekupunguzia elfu arobaini bila kuombwa.

Mimi hukata video za harusi, Barabara ya Kumi na Nane,
chumba cha bati, dirisha moja,
na chini ya dirisha Bi Mwanamvua anakaanga kachori:
mafuta yake yakichemka, nami nachemka.
Harusi moja ni saa sita za kurenda.
Wateja wa Ngamiani hawasubiri,
wanataka kujiona kabla hina haijafifia.

Basi nikapandisha.
Kumi na tano, tena kumi na tano, kama mtu anayeongeza chumvi
akionja kila mara kwa ncha ya ulimi.
Thelathini, kimya. Sitini, kimya.
Tisini, feni ikabadili sauti,
ikawa na "sh" ndani yake, isiyokwisha.
Mia na tano. Mia na ishirini. Mia na thelathini na tano.
Nikaweka jaribio la nusu saa, likapita,
nikanunua soda baridi, nikajipongeza peke yangu.

Wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hii haikuvuma.
Saa tisa usiku, digrii themanini na nne,
doa la waridi likatua kwenye shavu la bibi harusi.
Nikadhani ni uchafu. Nikapangusa skrini kwa kidole.
Likaja la pili, la kijani, kisha yakamiminika
kama kumbikumbi baada ya mvua,
yakala kilemba cha mjomba, yakala keki,
skrini ikawa nyeusi
na chumba kikabaki na harufu ya vumbi lililoungua.

Siku tatu nilimchukia Semkiwa.
Nikashusha, nikapandisha, nikaongeza volti kidogo,
joto nalo likaongezeka, faida ikaliwa njiani.
Nikaifungua kadi, nikabandua ile krimu ya kijivu
iliyokauka kama udongo wa ukutani, nikapaka mpya.
Mia na sitini na tano haikukaa hata dakika nne.
Nikafungua daftari: tarehe, saa, joto, dakika ya kuanguka.
Daftari la mgonjwa wa homa.

Siku ya nne nikabeba boksi hadi kwake, Raskazone,
maneno yameniiva mdomoni.
Akafungua mlango.
Ubaridi ukanipiga usoni kama shuka mbichi.
Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma juu ya meza yake,
digrii kumi na nane, na Semkiwa amevaa sweta.
Tanga, mwezi wa pili, sweta.

Nikaomba maji ya kunywa.
Namba yake ilikuwa ya kweli.
Ilikuwa namba ya chumba, si ya kadi.

Yangu nimeiandika kwa penseli:
tisini mchana, Bi Mwanamvua akikaanga;
mia na tano usiku, mvua ikishapiga bati.
Na hata hiyo siiapii. Kusifu kadi kwa jaribio la nusu saa
ni kumsifu mkwe siku ya posa.
Naipa saa sita. Naipa umeme unaocheza,
stebilaiza ikigonga "tak" kila jirani anapowasha pasi.
Ikibaki imesimama, nasema: kwa leo.

Video ile niliirudia, ikakabidhiwa, ikalipwa.
Ila dakika ya arobaini na moja kuna fremu moja
niliyoiona nimeshainakili:
kimraba cha kijani begani kwa mama wa bwana harusi,
sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde.
Alinipigia kushukuru. Alisema ameitazama mara tatu, amelia.
Nikashika simu, nikitazama feni inavyopunguza mwendo,
nikasema karibu tena.